Kaseti ya Mjomba Gare: Matundu Yanafanana, Usiingie Mkenge!

Wiki hii naomba tupande wote milima ya Usambara, kutoka Mombo kona baada ya kona, hadi Gare, wilayani Lushoto. Huko ndiko alikozaliwa mama yangu, na huko ndiko nilikoponea chupuchupu kuunguza urithi wa mjomba.

Kisa chenyewe ni hiki. Nilikwenda kumwona bibi. Baridi ya Gare si ya mchezo, ukungu unakufuata mpaka jikoni. Tukiwa tunaota moto bibi akaniambia, "Mjukuu wangu, Jumatatu anakuja mnunuzi wa vyuma chakavu. Sanduku la mjomba wako liko uvunguni. Ukiona lina maana, lichukue. La sivyo, liende."

Nikalivuta. Ndani nikakuta kompyuta nyeusi, ndogo, inayoweza kubebwa kwapani, yenye vitufe vya mpira. Imeandikwa Sinclair ZX Spectrum. Pembeni yake kaseti moja, na juu ya kaseti mwandiko wa mjomba: jina la bibi.

MASHINE BILA TV

Kompyuta hizo zilitoka Uingereza mwaka 1982. Mjomba alikuwa masomoni huko, akarudi nayo mwaka 1986. Kumbuka, msomaji, kwamba mwaka 1974 serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini bila kibali maalumu. Bibi anasema hii ilifika Gare ikiwa katikati ya nguo!

Tatizo ni kwamba Spectrum haina kioo chake. Inaazima TV ya nyumbani kwa ajili ya picha, na redio kaseti kwa ajili ya kusoma programu. Redio kaseti ilikuwapo. TV je? Zanzibar walikuwa na TV ya rangi tangu miaka ya 1970, lakini sisi wa Bara tulisubiri hadi 1994 ndipo vituo vikaanza. Kwa bibi TV ya kwanza iliingia 2005, miaka miwili baada ya mjomba kuzikwa. Kwa hiyo mtu huyu alikufa bila kuiona kazi yake ikiwaka nyumbani kwao.

Nikasema potelea mbali, Jumatatu haijafika. Lazima iwake.

MTEGO WA KWANZA: UMEME

Adapta yake haikuwemo sandukuni. Mimi nikaona ya king'amuzi inaingia vizuri tu, nikataka kuichomeka. Bahati nzuri nilikuwa nimeibeba mashine kwa fundi mmoja pale Lushoto mjini. Akanidaka mkono. "Bwana mdogo, unataka kuiua?"

Akanieleza. Spectrum inataka volti 9, na pini yake ya katikati ni hasi. Adapta nyingi za siku hizi katikati ni chanya. Ile ya king'amuzi ilikuwa na volti 12 juu yake. Ningechomeka, hadithi ingeishia hapo. Fundi akachukua adapta ya volti 9 yenye nguvu ya kutosha, akageuza nyaya, akapima kwa mita mara mbili, ndipo akaruhusu.

MTEGO WA PILI: PICHA

Tukarudi naye Gare, kwenye TV ya bibi, ile ya chogo. Nyuma ya kompyuta kuna tundu la duara limeandikwa TV. Sura yake ni ile ile ya tundu la njano la AV mnalochomekea deki. Nikachukua waya wa AV, nikaunganisha njano kwa njano. Giza! Nikajua mashine imekufa.

Kumbe sura ilinidanganya. Tundu la njano la TV linapokea picha tupu. Lakini Spectrum inajifanya kituo kidogo cha TV. Inaipandisha picha kwenye masafa, inairusha ndani ya waya, na mahali pake ni tundu la antena. Lile la antena limekaa bure kwenye nyumba nyingi tangu mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa, Dar es Salaam, Desemba 31, 2012. Fundi akafunga pini ya antena upande wa pili wa waya, akatafuta stesheni kwenye UHF, chaneli 36. Chenga, chenga, kisha kioo kikawa cheupe, chini pameandikwa 1982 na jina la kampuni. Bibi akapiga makofi.

Halafu usishangae TV ikiwa bubu. Spectrum ya mwanzo ina spika yake ndogo tumboni, sauti haipiti kwenye TV.

MTEGO WA TATU: KASETI

Ukiipiga kaseti ile kwenye redio unasikia mlio wa kukera masikio. Ndugu walidhani imeharibika. Si kweli, mlio huo ndiyo programu yenyewe. Waya unatoka tundu la spika za masikioni la redio, unaingia tundu la EAR la kompyuta. Lile la MIC ni la kurekodi. Ukiwa unasoma, liache tupu.

Fundi akasafisha hedi kwa spiriti. Mara ya kwanza sauti ilikuwa ndogo, kompyuta haikusikia kitu. Mara ya pili ilikuwa kubwa mno, ikachanganyikiwa. Mara ya tatu ukingo wa kioo ukajaa mistari, myekundu na ya bluu mpauko, kisha ya bluu na njano. Sote kimya. Nje ng'ombe analia, hakuna aliyetoka.

Jina la bibi likatokea kwenye kioo. Chini yake maswali mawili, kwa Kiswahili: KILO? BEI?

"Bibi, taja kilo." Akasema arobaini. "Bei?" Akasema mia nane. Nikabonyeza. JUMLA: 32000.

Bibi akakaa kimya kitambo. Kisha akasema, "Mtoto huyu aliniahidi atanihesabia karoti zangu, wachuuzi wasinipunje." Akaufunika uso kwa kanga. Mwenzenu nikasingizia moshi.

USIFANYE KOSA HILI

Washikaji, wengi mna masanduku kama hilo kwa babu zenu. Msihukumu tundu kwa sura. Commodore 64 ina matundu ya duara yenye pini nyingi, na la umeme ni ndugu pacha wa lile la picha na sauti, kwa hiyo soma kilichoandikwa kwanza. BBC Micro ina njia tatu za picha, na ile inayopeleka nyekundu, kijani na bluu kila moja kwenye waya wake ndiyo yenye picha safi kuliko zote. Amstrad CPC 464 ndiyo kiboko, maana inategemea kioo chake hata kwa umeme. Ukitenganisha viwili hivyo, umebaki na pambo.

Na kabla ya yote, okoa kaseti. Sisi tuliurekodi ule mlio kwenye kompyuta ya fundi siku ile ile, kwa sababu utepe hauishi milele.

Jumatatu mnunuzi alifika. Bibi alimpa sufuria mbili zilizotoboka na jembe bovu. Sanduku alilikalia.