Kubadili kivinjari Arusha: nani ahame, nani abaki

Msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu ukifika, steshenari za jirani na Stendi Ndogo na zile za Kaloleni hujaa vijana wenye bahasha za vyeti, wakisubiri zamu kwenye kompyuta mbili tatu. Baadhi ya kompyuta hizo bado zinaendesha Windows 7. Ukifungua Chrome kwenye mashine ya namna hiyo, juu ya dirisha hutokea ujumbe kwamba haitapata tena masasisho. Anayeketi pale huufuta ujumbe na kuendelea na fomu yake.

Ujumbe ule haufai kufutwa. Google iliacha kuzihudumia Windows 7 na 8.1 mwanzoni mwa 2023, na Chrome 109 ndilo toleo la mwisho linalokubali kukaa humo. Matundu ya usalama yaliyogunduliwa baada ya hapo hayakuzibwa kwenye mashine hizo, na ndimo zinamopita kutwa nzima namba za NIDA, vyeti vya kuzaliwa na akaunti za benki za watoto wa watu. Mozilla ilifanya tofauti: Firefox 115 iliwekwa kando kwa ajili ya Windows za zamani, na muda wa kuihudumia ukasogezwa mbele zaidi ya mara moja. Mwenye steshenari asiye na fedha za kompyuta mpya hana cha kupima hapo. Ahame, tena leo, akijua kwamba hiyo ni nafuu ya muda. Dawa yenyewe ni kuiwekea mashine Linux, ambayo haiuzwi na hupokea vivinjari vya kisasa, au kuinunulia mrithi.

Kwa mwenye kompyuta nzima swali linakuwa gumu, kwa sababu mengi yanayoitwa mabadiliko si mabadiliko. Chrome, Edge, Opera na Brave zote zimejengwa juu ya msingi mmoja, Chromium, unaoongozwa na Google. Karani wa kampuni ya utalii kule Njiro anayehama kutoka Chrome kwenda Edge akitumaini mfumo wa leseni utamfungukia, mara nyingi atakuta tatizo lake limemtangulia huko. Kinachotofautiana ni vitu vya pembeni: nani anakusanya taarifa zako, nani anakuletea habari usizoziomba, nani ameweka kizuia matangazo ndani. Hivyo navyo vina uzito, lakini injini ni ileile.

Firefox ina injini yake, na hilo ndilo linalonifanya niitetee. Wanaokumbuka vibanda vya intaneti vya mwanzoni mwa miaka ya 2000 wanakumbuka pia Internet Explorer ilivyotawala, hadi tovuti nyingi zikatengenezwa kwa ajili yake peke yake na asiyekuwa nayo akabaki nje. Firefox 1.0 ilitoka Novemba 2004 na kuanza kuuvunja utawala huo. Microsoft yenyewe ilikuja kuistaafisha Explorer Juni 2022. Leo tunarudi kulekule kwa jina jingine. Watengeneza tovuti wetu hujaribu kazi yao kwenye Chrome, wakiona inafungua, wanaikabidhi. Anayetumia Firefox hukutana na kitufe kisichoitika au fomu inayogoma ukurasa wa mwisho, na hasara hiyo anaibeba yeye. Nawaomba vijana wanaosoma kompyuta Chuo cha Ufundi Arusha na Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru walifanye hili kuwa desturi: tovuti isikabidhiwe kabla ya kujaribiwa kwenye injini mbili.

Haki itendeke pia kwa upande wa pili. Chrome unaweza kuitumia kwa Kiswahili kuanzia menyu hadi mipangilio, jambo kubwa kwa mtu anayejifunza kompyuta ukubwani. Mozilla nayo huishi kwa sehemu kubwa kwa fedha za Google, inayolipa ili iwe injini ya utafutaji ya kwanza ndani ya Firefox, kwa hiyo uhuru wake una mipaka. Lakini ni Mozilla hiyohiyo ambayo kupitia mradi wa Common Voice imekuwa ikikusanya sauti za wasemaji wa Kiswahili na kuziachia bure kwa yeyote anayetaka kuifundisha mashine lugha yetu.

Hayo ni ya kompyuta. Ukipanda kuelekea Ilboru, au ukizunguka Mlima Meru hadi kwa wakulima wa nyanya wa Ngarenanyuki, intaneti ni simu, na simu ni bando. Huko Opera Mini imejijengea heshima tangu ilipotolewa kwa dunia nzima mwaka 2006, enzi za simu za vitufe. Ukiomba ukurasa, seva za Opera huuchukua kwa niaba yako, huuminya, kisha hukutumia kilichobaki. MB chache zinafika mbali, na hata mtandao ukiwa dhaifu ukurasa hufunguka.

Bei yake haionekani kwenye bando. Katika hali ile ya kubana kupita kiasi, usiri kati yako na tovuti hauendi moja kwa moja: hufunguliwa kwenye seva ya katikati, ukurasa ukaminywa, ndipo ukafungwa tena na kuletwa kwako. Kwa kusoma magazeti na matokeo ya mpira sioni tatizo. Kwa benki, barua pepe na fomu za serikali, zima ubanaji huo au tumia kivinjari kingine. Isitoshe, kurasa zenye mambo mengi ya kubofya na kupakia picha hazipatani nao, na kijana anaweza kudhani mfumo wa ajira umekwama kumbe kilichokwama ni kivinjari chake. Google nayo ilikuwa na ubanaji wa namna hiyo ndani ya Chrome ya Android, ikauondoa mwaka 2022.

Kuna njia nyingine ya kuokoa bando ambayo haisemwi vya kutosha. Firefox ya Android hukubali viendelezi, kikiwemo uBlock Origin, kinachozuia matangazo yasipakuliwe kabisa. Video inayojicheza pembeni ya habari haiingii kwenye simu, na hakuna mtu wa katikati anayefungua mawasiliano yako. Kwenye kompyuta Chrome imekwisha kukitoa kiendelezi hicho ilipobadili kanuni zake, na Chrome ya simu haipokei viendelezi vya namna hiyo. Ubaya ni kwamba Firefox ni nzito kwa simu ndogo. Mwenye simu ya RAM ya GB 2 ataona inasuasua, na sitamlaumu akirudi alikotoka.

Wenye Tecno, Infinix na itel hukuta kivinjari cha Phoenix kimeshawekwa ndani, na arifa za habari zisizokoma. Si lazima ukifute. Nenda kwenye mipangilio ya programu, teua kivinjari kingine kiwe cha msingi, kisha zima arifa hizo.

Opera ina pia VPN ya bure ndani yake, na wapo wanaohamia kwa ajili hiyo tu. Wajue kwamba Oktoba 2023 TCRA ilitangaza kwamba wanaotumia VPN watoe taarifa zao kwa mamlaka, na ikaweka mwisho kuwa tarehe 30 ya mwezi huo. Kubofya kitufe ni rahisi, lakini nchini kitufe hicho kina upande wa kisheria.

Ukishaamua kuhama, kazi ngumu ni manenosiri. Alamisho huhamia kivinjari kipya kwa kubofya mara moja mbili, na mara nyingi manenosiri nayo. Lakini ukiyatoa kama faili, faili hilo husomeka na yeyote, neno kwa neno. Lifanyie kazi kwenye mashine yako mwenyewe, ukimaliza lifute, kisha futa na yaliyomo kwenye pipa la taka. Usilifanye kamwe steshenari. Na mwenye steshenari, kivinjari chochote utakachochagua, kiwekee mpangilio wa kufuta historia na vidakuzi kila kinapofungwa, na uzime kabisa swali lile la kuhifadhi nenosiri. Tangu Septemba 2018, mteja akiingia kwenye Gmail yake ndani ya Chrome, kivinjari chenyewe nacho huingia kwenye akaunti yake. Akiondoka bila kutoka kwenye akaunti hiyo, anayemfuata ataikuta iko wazi.