Kulala uani

Kulala uani ni desturi ya kulala usiku kucha nje ya nyumba, katika ua au bustani ya nyuma, hasa wakati wa majira ya joto. Watu hulala kitandani, mkekani au ndani ya hema dogo. Zamani sababu kuu ilikuwa kukimbia joto la vyumbani. Siku hizi, katika nchi zenye umeme wa kutosha na viyoyozi, watu wazima wengi wameiacha desturi hiyo, nayo imebaki zaidi kuwa jambo la babu au bibi na wajukuu wakati wa likizo ya shule. Katika nchi zenye malaria jambo hilo halitazamwi kama burudani tu, kwa kuwa usiku mmoja bila chandarua unatosha kumletea mtoto ugonjwa.

Sababu za ua kupoa mapema

Mchana kuta za mawe, matofali au saruji hufyonza joto la jua. Jua likizama, ukuta hauliachi joto hilo mara moja. Huendelea kulitoa kwa saa nyingi, na sehemu yake huingia vyumbani. Ndiyo maana chumba kinaweza kuwa na fukuto saa nne usiku wakati nje kumekwisha kupoa.

Uani hakuna kuta wala paa la kurudisha joto. Ardhi, majani na hata mwili wa binadamu hutoa joto kwa njia ya mnururisho kuelekea angani. Kama hakuna mawingu, sehemu kubwa ya joto hilo hupotea. Mawingu na mvuke wa maji ulio hewani hulirudisha chini, mithili ya blanketi. Kwa sababu hiyo usiku wa Dodoma hupoa kuliko usiku wa Dar es Salaam au Mombasa, ambako hewa imejaa unyevu wa bahari.

Kuna mahali ambapo hata ua hausaidii. Tarehe 26 Juni 2018, katika mji wa Quriyat nchini Oman, halijoto haikushuka chini ya sentigredi 42.6 kwa saa 24 mfululizo. Hewa ikiwa na joto kuliko mwili, upepo hauupozi mwili kwa kuugusa tu. Kinachobaki ni jasho kukauka, na penye unyevu mwingi jasho halikauki vizuri.

Mnururisho ndio pia unaoleta umande, ambao huwashangaza wanaolala nje kwa mara ya kwanza. Aliyeueleza vizuri ni William Charles Wells, daktari mzaliwa wa Charleston, South Carolina, aliyefanya kazi London na kuchapisha kitabu chake kuhusu umande mwaka 1814. Katika bustani moja karibu na London alitandaza vifungu vya sufu vyenye uzito sawa usiku, kisha akavipima tena. Sufu iliyowekwa juu ya ubao ulioinuliwa ilikusanya umande mwingi. Ile iliyofungwa chini ya ubao huohuo ilikusanya kidogo tu, kwa kuwa haikuona anga. Umande, basi, haudondoki kama mvua. Hutokea juu ya kitu kilichopoa kuliko hewa inayokizunguka. Kwa wanaolala uani maana yake ni rahisi: shuka au turubai jepesi lililotandazwa juu ya kitanda huzuia blanketi kulowa alfajiri, hata kama pande zote ziko wazi.

Historia

Katika miji ya Iraki, Iran na nchi za Ghuba, nyumba nyingi zilijengwa kwa paa bapa lenye ukuta mfupi pembeni. Wakati wa joto familia nzima ilipandisha matandiko huko jioni. Nchini Oman watu wa pwani walihamia pia kwenye mashamba ya mitende wakati wa mavuno ya tende na kulala chini ya miti. Nchini India na Pakistani kitanda cha charpai, chenye fremu ya mbao na kamba zilizosukwa, hubebwa kwa urahisi kutoka chumbani hadi uani. Kamba hizo hupitisha upepo chini ya mgongo. Kitanda cha kamba cha Afrika Mashariki kina sifa hiyohiyo.

Si kila mtu alikuwa na ua. Mnamo Agosti 1896 joto kali liliua watu wapatao 1,500 katika jiji la New York, Marekani. Familia maskini zilizobanana katika nyumba za ghorofa zililala juu ya mapaa na kwenye ngazi za nje za kuokolea watu wakati wa moto, na baadhi walianguka usingizini wakafa. Mwaka 1902 Willis Carrier alibuni mtambo wa kupoza na kukausha hewa kwa kiwanda kimoja cha uchapaji cha Brooklyn. Miongo mingi baadaye mitambo ya aina hiyo ilipoingia majumbani, sababu ya kutoka nje usiku ilipungua.

Hema la watoto lina historia nyingine. Mwaka 1907 Robert Baden-Powell aliwapeleka wavulana kupiga kambi katika kisiwa cha Brownsea nchini Uingereza, na kutoka hapo chama cha Skauti kilienea duniani. Kambi ikawa sehemu ya malezi, na familia zisizoweza kusafiri zilipiga hema nyuma ya nyumba. Baden-Powell mwenyewe alimalizia maisha yake Nyeri, Kenya, alikofariki na kuzikwa mwaka 1941.

Babu, bibi na wajukuu

Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki babu na bibi ni watani wa wajukuu wao. Bibi humwita mjukuu wa kiume "mume wangu", naye babu humwita mjukuu wa kike "mke wangu", na watoto hujibu kwa mzaha ambao wasingethubutu kuwafanyia wazazi wao. Kuadhibu ni kazi ya baba na mama. Kulala karibu na bibi, kumsikiliza na kumchokoza ni haki ya mjukuu. Ua ulikuwa mahali pa jambo hilo baada ya chakula cha jioni: mkeka ulitandikwa, bibi akasema "Paukwa!", watoto wakaitikia "Pakawa!", na hadithi ikaanza. Katika jamii kadhaa watoto walikatazwa kusimuliana hadithi mchana. Huenda katazo hilo lilikuwa njia ya wazee kuhakikisha kazi za mchana zinafanyika.

Uingereza na Marekani desturi haina utani wa namna hiyo, lakini mpango unafanana. Wazazi wako kazini wakati wa likizo ndefu ya Julai na Agosti, wajukuu wanapelekwa kwa babu na bibi, na usiku mmoja au miwili hema hupigwa bustanini. Shida ya kwanza huko ni mwanga. Mwishoni mwa Juni jua la London huzama karibu saa 3:20 usiku na kuchomoza kabla ya saa 11 alfajiri. Mtoto wa miaka sita akisubiri giza apate kuona nyota, husinzia kabla hazijatoka.

Shida ya pili iko kila mahali: sauti. Ndani ya nyumba mtoto hazisikii. Uani husikia kalunguyeye akichakura majani au, katika sehemu nyingi za Afrika, komba akilia kama mtoto mchanga. Mtoto asiyemjua komba huogopa sana, na ni vema kumweleza habari zake kabla ya kulala. Mlango wa nyumba uachwe bila kufungwa kwa ufunguo kama usalama wa mahali unaruhusu, na tochi iwe mahali mtoto anapoweza kuifikia. Watoto wengi hurudi ndani usiku wa manane. Wasichekwe.

Anga la usiku

Kwa nchi za kaskazini, usiku unaofaa zaidi ni ule wa tarehe 12 kuamkia 13 Agosti, ambapo vimondo vya Perseidi huwa vingi. Ni chembe zilizoachwa na nyotamkia Swift-Tuttle, iliyogunduliwa mwaka 1862, ambayo hulizunguka Jua mara moja kwa miaka 133 hivi na ilipita karibu nasi mara ya mwisho mwaka 1992. Chembe nyingi ni ndogo kama mchanga. Huonekana kutokea upande wa kundinyota la Farisi, yaani Perseus, na huwa nyingi zaidi baada ya saa sita usiku.

Tanzania na Kenya Perseidi huonekana chache, kwa sababu Farisi hukaa chini upande wa kaskazini. Huku vimondo vya Mapacha, vinavyofikia kilele tarehe 13 au 14 Desemba, vinafaa zaidi, navyo hutokea karibu na likizo ya Desemba. Julai nayo ina zawadi yake: kundinyota la Nge, ambalo London halipandi juu ya upeo wa kusini ila kidogo, hupita karibu na utosi mapema usiku, na Njia Nyeupe hukatiza hapohapo. Pasipo taa za barabarani mtoto huonyeshwa mkia wa nge kwa kidole.

Mbu na malaria

Wajukuu wanaoishi Ulaya au Amerika ya Kaskazini huja Afrika Mashariki hasa Julai na Agosti, wakati huku ni kipupwe. Hewa ni ya kupendeza na baridi kidogo, na kulala nje kunavutia. Hapo ndipo tahadhari inahitajika zaidi.

Mbu wakuu wa malaria, kama Anopheles gambiae na Anopheles funestus, huuma hasa usiku mwingi hadi alfajiri. Anopheles arabiensis huuma nje pia, hufuata ng'ombe na watu. Dawa inayopulizwa ukutani inamlenga mbu anayetua ukutani baada ya kunyonya damu. Uani hakuna ukuta wa kutua. Moshi wa dawa ya kuchoma hupeperushwa na upepo. Kinachobaki cha kutegemewa ni chandarua chenye dawa, kilichofungwa kwenye tawi au miti minne na kuchomekwa chini ya godoro pande zote. Kiwe kikubwa, maana mkono unaogusa chandarua huumwa kupitia matundu. Hema lenye wavu mzuri hufaa likifungwa zipu kabla ya magharibi na lisipofunguliwa ovyo.

Mtoto aliyezaliwa London au Chicago hana kinga yoyote ya malaria, hata kama wazazi wake walikulia Tanga. Wazazi nao hupoteza sehemu kubwa ya kinga yao baada ya miaka ya kukaa mbali. Wengi hawaamini jambo hilo, kwa kuwa wanakumbuka wao wenyewe wakilala nje bila chandarua. Hawawakumbuki ndugu waliokufa wachanga. Dawa za kinga hutolewa na daktari kabla ya safari na huendelea kumezwa baada ya kurudi, kwa siku au wiki kadhaa kulingana na aina yake.

Dalili za malaria kali kwa kawaida hazianzi kabla ya siku saba tangu kuumwa, na mara nyingi huanza baada ya siku 10 hadi 15, wakati mgeni amekwisha rudi kwao. Homa, kutetemeka, kichwa kuuma na kutapika huweza kudhaniwa kuwa mafua. Homa yoyote katika miezi mitatu baada ya safari ipimwe siku hiyohiyo, na daktari aambiwe wazi kwamba mtoto alilala Afrika Mashariki.

Tahadhari nyingine

Katika sehemu za Ulaya na Amerika ya Kaskazini zenye nyasi ndefu kuna kupe wanaoeneza ugonjwa wa Lyme, kwa hiyo asubuhi mwili wa mtoto hukaguliwa, hasa nyuma ya magoti na kwenye nywele. Ardhi hunyonya joto la mwili usiku kucha, hivyo mkeka mnene au godoro chini ni muhimu kama blanketi juu. Watoto wachanga hulala ndani. Jiko la mkaa haliingizwi kamwe hemani hata baridi ikizidi: mkaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu, inayoweza kuwaua waliolala bila wao kuamka.