Mpira waweza kufika umbali gani?

Juma hili tuingie uwanjani.

Kila mtaa una hadithi ya mlinda mlango wake wa zamani ambaye, akishika mpira na kuupiga, ulitoka golini kwake ukaenda kutua golini kwa wenzake pasipo kudunda hata mara moja. Hadithi hizi husimuliwa na watu wazima wenye heshima zao, na kijana anayethubutu kubisha huambiwa kwamba wakati huo alikuwa bado hajazaliwa. Mimi sina nia ya kumvunjia mzee yeyote heshima. Lakini uwanja wa mpira una mistari, na mistari hiyo ina vipimo. Basi kabla ya kubishana, kwa nini tusiitumie?

Kiwanja cha mashindano ya kimataifa huwa na urefu wa kati ya mita 100 na 110, na viwanja vingi vikubwa vina mita 105. Kutoka golini hadi mstari wa kati ni mita 52 na nusu. Eneo la adhabu linaishia mita 16 na nusu kutoka mstari wa goli, na alama ya penalti iko mita 11. Kwa hiyo kipa anayesimama ukingoni mwa eneo lake na kuupiga mpira ukatua katika mstari wa goli la wapinzani ameusafirisha hewani mita 88 na nusu.

Sasa tazama. Mwezi Mei mwaka 2018, kipa wa Brazil aliyekuwa akichezea Manchester City, Ederson, alipimwa rasmi kwa ajili ya kitabu cha rekodi cha Guinness. Kiki yake ilitua mita 75.35 kutoka pale alipopigia. Huyo ni mtu ambaye kazi yake ni kupiga mpira, aliyepewa mpira mzuri na uwanja mzuri, na hakufika mita 80. Kwa hiyo kipa wetu wa mtaani angemzidi kwa zaidi ya mita 13.

Hata hivyo tusiwe wepesi wa kumwita mzee mwongo. Sheria za mpira zinaruhusu kiwanja cha mita 90 tu kwa mechi za kawaida, na viwanja vingi vya shule na vijiji ni vifupi hata kuliko hivyo. Katika kiwanja cha mita 80, kiki ya kutoka ukingoni mwa eneo la adhabu hadi golini kwa wenzako ni mita 63 na nusu, na hizo kipa hodari anaziweza. Yawezekana kabisa kwamba mzee alisema kweli, ila kiwanja ndicho kilichokuwa kifupi.

Kuna jambo jingine linalotuchanganya. Umbali wa mpira kuruka si sawa na umbali wa goli. Tarehe 19 Januari, 2021, Tom King, kipa wa Newport County, timu ya daraja la nne la ligi ya Uingereza, alipiga goli kiki katika mechi dhidi ya Cheltenham Town. Upepo ukauchukua mpira, ukadunda mbele ya kipa wa upande wa pili, ukampita juu na kuingia wavuni. Ulipimwa mita 96.01. Kabla yake rekodi hiyo ilikuwa ya Asmir Begović wa Stoke City, aliyeifunga Southampton kwa mita 91.9, tarehe 2 Novemba, 2013, mechi ikiwa na sekunde 13 tu tangu ianze. Begović hakushangilia, kwa kumwonea huruma kipa mwenzake. Magoli yote hayo mawili yalisaidiwa na upepo na mdundo. Ukiuliza mpira uliruka mita ngapi kabla ya kugusa ardhi, utapata jibu dogo zaidi.

Sasa tuje kwenye kiini cha mambo. Ni nini kinachoupeleka mpira mbali? Wengi watajibu mara moja: nguvu. Jibu hilo lina ukweli nusu. Mpira ukishaachana na mguu haujui tena kama aliyeupiga alikuwa na mapaja mazito au membamba. Una mambo matatu tu ya kuuongoza: kasi uliyoondoka nayo, pembe uliyoondokea, na namna unavyozunguka. Mengine ni kazi ya hewa na ya mvutano wa dunia.

Kasi ndiyo mfalme. Lau kusingekuwa na hewa, mpira ulioondoka kwa kasi ya mita 30 kwa sekunde, yaani kilomita 108 kwa saa, ungeweza kwenda karibu mita 92. Na ukiongeza kasi kwa sehemu moja ya kumi, umbali ungeongezeka kwa zaidi ya sehemu moja ya tano. Ndiyo maana tofauti ndogo ya ufundi huzaa tofauti kubwa ya mita. Kasi hiyo haitokani na ugumu wa msuli peke yake. Inatokana na wepesi wa mguu unapofika kwenye mpira: hatua ya mwisho iliyo ndefu, mguu wa kusimamia ukiwa pembeni mwa mpira, nyonga ikifunguka, kisha goti likinyooka kama mjeledi. Mguu ni mzito mara nyingi kuliko mpira, na kwa sababu hiyo mpira huondoka kwa kasi inayozidi ile ya mguu wenyewe. Kijana mwembamba mwenye mjeledi huo atampita jitu linalopiga kwa goti lililokakamaa.

Lakini hewa ipo, nayo ni mpinzani asiyechoka. Mpira wa miguu una uzito wa gramu 410 hadi 450 na mzingo wa sentimita 68 hadi 70. Ni kitu kipana lakini chepesi. Unapokwenda kwa mita 30 kwa sekunde, hewa huuzuia kwa nguvu inayokaribia uzito wa mpira wenyewe. Ni sawa na kuwa na dunia mbili: moja inayouvuta chini na nyingine inayouvuta nyuma. Mtoto aliyewahi kupiga puto teke anaijua habari hii vizuri. Hata alipige kwa hasira gani, puto huenda hatua mbili likasimama hewani. Mpira wa chandimu uliofungwa kwa makaratasi na mifuko ya plastiki nao husumbuliwa hivyo hivyo ukiwa mwepesi kupita kiasi, na hapo si kosa la mpigaji.

Mfano mzuri zaidi tunao hapa Afrika Mashariki. Mwaka 2015, mjini Beijing, Julius Yego wa Kenya alitwaa ubingwa wa dunia wa kurusha mkuki kwa mita 92.72. Mkuki wa wanaume una uzito wa gramu 800, karibu mara mbili ya mpira. Mbona kitu kizito kiende mbali kuliko mpira anaopiga Ederson kwa mguu? Kwa sababu mkuki huipasua hewa kwa ncha, lakini mpira huisukuma kwa kifua. Zaidi ya hayo, Yego hurusha kwa mkono mmoja, baada ya kukimbia, mwili wote ukijipinda kama upinde.

Mpira wa kurusha kwenye soka hauruhusu uhuru huo. Sheria inataka mikono miwili, mpira utoke nyuma ya kichwa na kupita juu yake, uso uelekee uwanjani, na miguu yote miwili iwe imegusa ardhi kwenye mstari au nje yake. Zamani Waingereza walirusha kwa mkono mmoja. Ni mwaka 1882 ndipo ilipoamriwa mikono iwe miwili. Mikono miwili huibana mabega, hivyo kasi hupungua sana. Mchezaji wa kawaida hurusha mita 20 au 25. Rory Delap wa Stoke City, ambaye alipokuwa kijana alikuwa mrusha mkuki hodari, alifika mita 35 hadi 40, na kwa kipimo cha mechi hilo ni jambo la kutisha. Mwaka 2008 kipa wa Hull City, Boaz Myhill, aliona heri autoe mpira uwe kona kuliko kumpa Delap nafasi ya kurusha. Katika mechi hiyo hiyo mchezaji wa akiba wa Hull, Dean Windass, alionyeshwa kadi ya njano kwa kujifanya anapasha misuli moto mbele ya Delap ili asipate nafasi. Sijui kama kuna sifa kubwa zaidi ambayo mrushaji anaweza kupewa.

Siri ya Delap ilikuwa pembe. Shuleni tulifundishwa kwamba kitu kikirushwa kwa nyuzi 45 ndipo kinapofika mbali zaidi. Hesabu hiyo ni sahihi kwa jiwe lisilo na hewa wala mrushaji. Binadamu ana mifupa na misuli, na misuli hiyo hutoa kasi kubwa zaidi inaporusha chini chini kuliko inaporusha juu. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Brunel, Uingereza, Linthorne na Everett, walichapisha matokeo yao kwamba pembe bora ya mpira wa kurusha ni kama nyuzi 30. Mpira wa namna hiyo una faida ya pili pia: hufika upesi, kabla mabeki hawajajipanga.

Mwenye rekodi alikuwa Mdenmark Thomas Grønnemark, aliyerusha mita 51.33 mwaka 2010. Yeye hukimbia, huweka mpira chini akiwa ameushika, hupinduka juu yake kama mwanasarakasi, kisha huuachia anaposimama. Sheria haimkatazi, mradi miguu iwe chini wakati wa kuachia.

Mwinuko wa mahali nao una neno lake. Hewa ya Nairobi, iliyo zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya Dar es Salaam au Mombasa. Kipa wa pwani akienda kucheza bara ataona mipira mirefu ikimpita kichwani, na yule wa bara akishuka pwani ataona kiki zake zinapungukiwa. La Paz, Bolivia, penye mwinuko wa mita 3,600 hivi, hewa imepungua kwa karibu asilimia 30, na mwaka 2007 FIFA ilijaribu kuzuia mechi za kimataifa katika miinuko ya namna hiyo, ikalegeza kamba mwaka uliofuata. Wengi walizungumzia pumzi za wachezaji. Wachache walikumbuka kwamba mpira nao hubadilika tabia.

Yote haya yana maana gani kwa kijana wa shule? Nina neno moja la kusema kwa walimu wa michezo. Katika mchujo wa timu nyingi, watoto hupangwa mstari, kila mmoja hupewa mpira na kuambiwa apige mbali awezavyo. Aliyefika mbali anachaguliwa; aliyepungukiwa anarudi darasani. Mtihani huo unapima, kwa sehemu kubwa, nani amebalehe mapema. Mtoto wa miaka 12 aliyekwisha refuka atamshinda mwenzake mwenye akili ya mpira mara mbili yake, na baada ya miaka minne wote watakuwa na urefu uleule, ila mmoja wao aliacha mpira zamani. Na kumpigisha mtoto mipira mirefu hamsini kila jioni ni kumtafutia maumivu ya paja na nyonga.

Hata wakubwa wenyewe wamekwisha badili mawazo. Mwaka 1992 sheria ilimkataza kipa kudaka kwa mikono mpira aliorudishiwa kwa mguu na mwenzake. Tangu hapo makipa wakalazimika kujifunza kupiga, na waliofanikiwa ni wale wanaojua mpira utatua mguuni kwa nani. Ederson mwenye mita zake 75 alisifiwa Manchester zaidi kwa pasi ya mita 15 kuliko kwa kiki ya mita 75. Na huyo Grønnemark, alipoajiriwa na Liverpool mwaka 2018, mengi aliyowafundisha yalihusu kurusha haraka na kwa akili, ili timu isinyang'anywe mpira iliokabidhiwa mkononi. Kurusha mbali kulikuwa sehemu moja tu ya somo.

Wanaopenda kupima wapime, lakini wapime kwa haki. Chagueni asubuhi tulivu, kwani huku pwani upepo wa kusi wa alasiri hupotosha kila kitu. Mpira uwe na upepo wa kutosha na usiwe umelowa. Mtu mmoja asimame pale mpira unapotarajiwa kuangukia na aweke kijiti ulipogusa ardhi kwanza, si uliposimama. Kila mpigaji apige mara tatu kuelekea upande mmoja na mara tatu kuelekea upande wa pili, kisha mchukue wastani. Tumieni utepe wa fundi ujenzi, msitumie hatua za miguu, maana hatua za rafiki wa mpigaji huwa fupi siku hiyo.