Betri Inachoka, BIOS Inaachwa: Jinsi Kompyuta Mpakato Inavyozeeka

Kompyuta mpakato haifi ghafla, hupungua. Mwaka wa kwanza hukaa na chaji tangu asubuhi hadi baada ya chakula cha mchana. Mwaka wa tatu mwenyewe huanza kutafuta soketi kabla ya kuchagua kiti. Kufikia mwaka wa tano au wa sita huzimika huku kioo kikidai imebaki asilimia 30. Katika miaka hiyohiyo BIOS, yaani programu dhibiti inayoiamsha mashine kabla Windows haijaanza kuwaka, nayo huacha kupokea masasisho kutoka kwa mtengenezaji. Betri ina walalamikaji wengi kwa sababu udhaifu wake unaonekana. BIOS haina hata mmoja.

Tumezoea kuyatenga mambo haya: betri ni shauri la fundi, BIOS ni shauri la wataalamu. Kumbe yamefungamana. Programu dhibiti ndiyo inayoamua betri ijazwe kiasi gani na kwa kasi gani; na betri yenye nguvu ndiyo inayoiruhusu BIOS isasishwe. Kimoja kikianguka, humvuta mwenzake. Na mara nyingi anayelipia anguko hilo ni mnunuzi wa pili.

Huzeeka hata ikiwa imelala

Betri za lithiamu-ioni ziliingia sokoni mwaka 1991 kupitia kampuni ya Sony, na mwaka 2019 John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kazi iliyozizaa. Wakati wa kuchaji, ayoni za lithiamu huhamia kwenye grafiti iliyo upande hasi. Wakati wa matumizi hurudi zilikotoka. Tangu chaji ya kwanza, juu ya grafiti hujengeka utando mwembamba. Utando huo ni kinga, maana bila huo elektroliti ingeendelea kuharibika. Lakini huzidi kunenepa mwaka hadi mwaka, na lithiamu inayonaswa humo hairudi tena kazini. Hakuna sasisho linaloweza kuirudisha.

Kinachoweza kubadilishwa ni kasi ya upotevu huo, na kasi hutegemea zaidi mambo mawili: joto na kiwango cha chaji. Makadirio yanayonukuliwa sana katika fani hii yanasema kwamba betri iliyohifadhiwa mwaka mzima ikiwa na chaji ya asilimia 40, mahali penye nyuzi 25 za Selsiasi, hubaki na takribani asilimia 96 ya uwezo wake. Ikihifadhiwa imejaa pomoni, hubaki na asilimia 80. Joto likipanda hadi nyuzi 40, hesabu hushuka hadi 85 na 65. Na hiyo ni betri iliyokaa tu kabatini, haijafanya kazi yoyote.

Hapo ndipo imani moja iliyoenea inapogonga mwamba. Wengi huacha kompyuta imechomekwa muda wote wakiamini kwamba betri isiyotumika inatunzwa. Ni kweli mizunguko ya chaji haiongezeki. Lakini mashine inayokaa kwenye umeme tangu Januari hadi Desemba, juu ya kaunta ya duka la Kariakoo au katika ofisi isiyo na kiyoyozi Mombasa, imejaa asilimia 100 na inapikwa na prosesa yake yenyewe. Imekusanya maadui wote wawili mahali pamoja. Mwaka ukiisha mwenye mashine hushangaa kwamba betri ambayo hakuitumia imechoka.

Kupungua kwa uwezo kuna njia rahisi ya kupimwa. Kwenye Windows, andika powercfg /batteryreport katika dirisha la amri, nayo mashine itatoa ripoti yenye mistari miwili muhimu: uwezo ambao betri ilitoka nao kiwandani, na uwezo ilio nao leo ikijaa. Tuchukulie wa kwanza unasoma miliwati-saa 50,000 na wa pili 31,000. Betri imebaki na asilimia 62. Ikiwa mashine inakula wati 8 kwa kazi ya kuandika, zamani ilidumu saa sita na robo. Sasa haifiki saa nne. Kinachofichika katika ripoti hiyo ni ukinzani wa ndani, ambao nao hupanda kadiri seli inavyozeeka. Prosesa ikidai umeme mwingi kwa mkupuo, volti hudidimia na saketi ya ulinzi hukata. Ndiyo maana kompyuta huzimika ghafla hali kioo kinasema chaji ipo.

Nani ameshika chaja

Kwenye ubao mama kuna kidhibiti kidogo kinachobaki macho hata kompyuta ikiwa imezimwa. Hicho ndicho kinachozungumza na chipu iliyo ndani ya betri, kikauliza joto, volti na mizunguko, kisha kikaamua kuruhusu umeme au kuukata. Kina programu yake, ambayo kwa kawaida husasishwa pamoja na BIOS. Kwa hiyo maisha ya betri hayaamuliwi na kemia peke yake. Yanaamuliwa pia na maandishi yaliyo ndani ya chipu hizo.

Lenovo, Dell, HP na ASUS zote zina mipangilio ya kumwezesha mtumiaji kulinda betri, mara nyingi kwa kuzuia chaji isipite asilimia 80, ama ndani ya BIOS au kupitia programu ya kampuni. Kwenye Linux, mashine nyingi huonyesha faili liitwalo charge_control_end_threshold. Ukiliandikia 80, kazi imekwisha. Apple iliingiza usimamizi wa afya ya betri katika macOS 10.15.5 mwezi Mei 2020. Dawa ya kupunguza kasi ya uzee ipo, na haina gharama. Tatizo ni kwamba kompyuta nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimewekewa kujaza hadi asilimia 100, kwa sababu saa nyingi za chaji ndizo zinazouza mashine siku ya kwanza.

Na uwezo wa mwenye mali kujiamulia umepungua hatua kwa hatua. Zamani betri ilikuwa na vitasa viwili chini ya mashine. Ulivivuta kwa vidole, ukachomoa kuukuu na kupachika mpya. MacBook Air ya 2008 iliifungia betri ndani, MacBook Pro ya inchi 17 ikafuata mwaka 2009, na mwaka 2012 MacBook Pro yenye kioo cha Retina ikaja na betri iliyogundishwa kwa gundi. ThinkPad za Lenovo ndizo zilizostahimili muda mrefu: T480 ya mwaka 2018 bado ilikuwa na betri ya kuchomoa, lakini T490 ya 2019 haikuwa nayo. Hata hivyo, zile za mwaka 2012 kama T430 na X230 zilikuwa tayari na programu dhibiti inayoikataa betri isiyo na utambulisho wa kampuni. Betri ilichomoka kwa vidole, lakini ya kuweka mahali pake ilihitaji kibali cha programu.

Si kila amri ya programu dhibiti ni ya hila. Januari 2018 HP iliita zirudishwe betri za baadhi ya kompyuta zake kwa sababu ya hatari ya kupata joto kupita kiasi na kuunguza. Nyingi zilikuwa ndani ya mashine, mteja asingeweza kuzitoa mwenyewe. Kampuni ikatoa sasisho la BIOS lenye hali maalumu ya usalama: betri humwaga chaji yake, kisha hukataa kuchajiwa, na kompyuta huendelea kutumika kwa chaja tu. Aliyepuuza sasisho hilo alibaki na hatari mapajani. Aliyelifunga alilindwa asubuhi ileile, bila kusubiri fundi.

Lakini kampuni za teknolojia zenyewe ndizo zilizowafunza watu kuogopa masasisho. Desemba 2017 Apple ilikiri kwamba ilipunguza kasi ya iPhone zenye betri zilizochoka, kupitia masasisho yaliyoanza mapema mwaka ule bila maelezo ya wazi. Ikaomba radhi na kushusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29. Mwezi uliofuata Intel iliwaambia watengenezaji wasitishe kusambaza sasisho la prosesa lililokusudiwa kuziba tundu la usalama liitwalo Spectre, kwa sababu lilikuwa likizifanya mashine zijizime na kujiwasha. Mtu aliyeyasikia hayo mawili akiamua kutogusa BIOS yake, hawezi kuitwa mjinga.

Mnunuzi wa pili

Maduka ya Kariakoo na ya barabara ya Luthuli jijini Nairobi yamejaa EliteBook za HP, Latitude za Dell na ThinkPad zilizomaliza muda wake katika ofisi za ng'ambo. Ni mashine imara, na kwa mwanafunzi au mwandishi ni ununuzi wa busara kuliko mpya ya bei ileile. Ila zinafika wakati ambapo betri imekwisha kutumikia miaka yake mizuri, na mtengenezaji ama ameacha kutoa BIOS mpya au anakaribia kuacha.

Hapo vizuizi hufuatana. Muuzaji huwa amefuta diski na kuweka Windows safi, kwa hiyo programu ya kampuni yenye kitufe cha kuzuia chaji imeondoka. Mnunuzi akijaribu kuingia BIOS, anaweza kukuta nenosiri lililowekwa na ofisi ya zamani, ambayo haijui wala haijali mashine iko wapi. Akipata njia ya kuingia na kutaka kusasisha, mashine humgomea. Kompyuta nyingi za Dell, kwa mfano, hazikubali BIOS mpya bila chaja kuchomekwa na betri kuwa na angalau asilimia 10. Betri iliyokufa haifikishi kiwango hicho hata ukiichaji usiku kucha.

Sharti hilo lina mantiki. Wakati wa kusasisha, yaliyomo katika chipu ya BIOS hufutwa na kuandikwa upya. Kioo huweza kuwa cheusi kwa dakika kadhaa, feni zikivuma kwa nguvu zote, mashine ikijizima na kujiwasha yenyewe. Umeme ukikatika katikati, maandishi hubaki nusu, na kompyuta isiyo na nakala ya akiba ya BIOS haiwaki tena. Kwenye umeme wa kukatika kila mara, betri ndiyo dhamana ya pekee. Kuna amri za kulilazimisha sasisho lipite bila betri, na wapo wanaozitumia. Kwa nchi zenye umeme wa namna hiyo ni mchezo wa pata potea. Ukishindwa, inabaki kumtafuta fundi mwenye kifaa cha kubana miguu ya chipu kwa klipu na kuiandika moja kwa moja. Mafundi hao wapo, na wengi ni hodari, lakini mashine haikupaswa kufika huko.

Betri mpya nayo si jibu jepesi. Ile halisi ya modeli ya miaka minane iliyopita ama haitengenezwi tena au imekaa ghalani muda mrefu, na tumeona kwamba betri huzeeka ikiwa imelala. Ile ya kuiga hubandikwa namba kubwa kwenye lebo, na ukiipima kwa ripoti ileile ya Windows hukuta nyingine.

Wakati huohuo saa ya usalama haisubiri. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizikubali rasmi prosesa nyingi za Intel za kabla ya kizazi cha nane. Vyeti vya Microsoft vya mwaka 2011 vinavyothibitisha uhalali wa programu mashine inapowashwa vinafikia ukomo kuanzia Juni 2026. Mashine yenye vyeti vya zamani itaendelea kuwaka, lakini haitapokea ulinzi mpya wa hatua hiyo ya mwanzo. Na kwa baadhi yake njia ya kuvipata vyeti vipya inapita kwenye BIOS ambayo haitengenezewi tena sasisho.

Sheria inayomwangalia wa kwanza tu

Umoja wa Ulaya umeanza kuchukua hatua. Kanuni yake ya betri ya mwaka 2023 inataka, kuanzia 18 Februari 2027, betri za vifaa vya kubebeka ziweze kutolewa na kubadilishwa na mtumiaji mwenyewe. Sheria nyingine, ya usalama wa bidhaa za kidijitali, itaanza kutumika kikamilifu Desemba 2027, na inaweka miaka mitano kuwa kiwango cha chini cha masasisho ya usalama kwa bidhaa zinazotarajiwa kutumika muda huo au zaidi.

Ni hatua njema, lakini hesabu yake ni ya mtu anayenunua mpya. Miaka mitano ndiyo umri ambao mashine hizi huanza maisha ya pili kwetu. Nchi zinazopokea kompyuta zilizotumika zina haki ya kudai mambo ambayo hayahitaji teknolojia mpya: mashine isivuke mpaka ikiwa na nenosiri la BIOS la mwenye zamani, ifungwe toleo la mwisho la BIOS kabla ya kuuzwa, wakati betri bado ina nguvu za kulibeba, na ripoti ya uwezo wa betri iambatane na bei. Mashirika yetu ya viwango yakiyaandika hayo katika masharti ya uingizaji, waagizaji watayatimiza, kwa sababu kwa shehena nzima kazi hiyo ni ya dakika chache kwa kila mashine.

Mpaka siku hiyo, mnunuzi ajitetee mwenyewe dukani kabla ya kutoa pesa: awashe mashine, asome ripoti ya betri, aingie BIOS aone kama iko wazi na toleo lake ni la lini, kisha siku ya kwanza nyumbani aweke kikomo cha asilimia 80. Utando juu ya grafiti utaendelea kunenepa, hilo halina dawa. Lakini nenosiri lililosahauliwa, programu iliyofutwa na sasisho lililositishwa ni maamuzi ya watu, na maamuzi ya watu yana wa kuyajibia.