Je, Wajua? Cheti Ukutani, Kazi Kiwandani

Wajua kwamba ISO, shirika la viwango lenye makao yake Geneva, halijawahi kumpa mtu yeyote cheti cha ISO? Tangu 1947 kazi yake ni kuandika viwango, basi. Anayefika kiwandani na koti jeupe, kalamu na maswali yasiyokwisha ametumwa na shirika lingine kabisa: KEBS (shirika la viwango la Kenya), SGS, Bureau Veritas, AfriCert au mwenzao. Kwa hiyo bango la "Tumeidhinishwa na ISO" lina kosa hata kabla rangi haijakauka. Lilipaswa kutaja kiwango chenyewe, tuseme ISO 9001:2015, na aliyekagua. Nembo ya ISO nayo haina ruhusa kukaa hapo.

Na mkaguzi hukaguliwa na nani? Hapa Kenya ni KENAS, chombo cha ithibati chenye sheria yake ya 2019. Kiwango kinachowabana watoa vyeti ni ISO/IEC 17021, na ndani yake mna sharti ambalo kila mfanyabiashara wa Embu na Meru anapaswa kulikariri: shirika lililokushauri jinsi ya kuandaa mfumo wako haliwezi kukukagua likupe cheti, na hata kama uhusiano huo umekwisha, lazima ipite angalau miaka 2. Akitokea mtu mmoja akaahidi kukuandikia makaratasi yote na kukuletea cheti Ijumaa, huyo anauza fremu.

Wajua kwamba mkaguzi hajiamulii tu siku za kukaa? Kuna jedwali la kimataifa. Kwa ukaguzi wa kwanza wa ISO 9001, biashara ya watu 10 huhesabiwa siku 2 za kazi ya mkaguzi mmoja. Watu 50, siku 5. Watu 100, siku 7. Idadi hupunguzwa au kuongezwa kulingana na ugumu wa kazi, lakini si kwa bei ya kirafiki. Kiwanda cha watu 100 kilichokaguliwa kuanzia chai ya saa nne hadi chakula cha mchana kina maswali ya kujibu.

Cheti hudumu miaka 3, na kila mwaka katikati kuna ukaguzi wa ufuatiliaji.

Wajua kwamba ISO 9001 haisemi lolote kuhusu ladha ya chai, unene wa maziwa au ukali wa kahawa? Inauliza kama unajua mteja anataka nini, kama umepanga jinsi ya kumtimizia, kama unafanya ulichopanga, na kama una ushahidi. Kampuni inaweza kuwa na mfumo safi kabisa na bidhaa ya wastani. Tangu toleo la 2015, hata ule mwongozo mnene wa ubora si lazima tena, ingawa bado unauona kwenye rafu nyingi, umefungwa vizuri, hauna alama ya kidole.

Mzazi wa kiwango hiki si biashara, ni jeshi. Mwaka 1959 jeshi la Marekani liliweka masharti ya ubora kwa waliokuwa wakiliuzia vifaa. Waingereza wakaandika BS 5750 mwaka 1979, na kutoka hapo familia ya ISO 9000 ikazaliwa 1987. Leo vyeti vya ISO 9001 duniani ni zaidi ya milioni 1.

Tuje nyumbani. Wajua kwamba Chuo Kikuu cha Embu na Chuo Kikuu cha Meru cha Sayansi na Teknolojia kule Nchiru vyote vimepata, mbali na ISO 9001, cheti cha ISO/IEC 27001? Hicho ni cha usalama wa taarifa, aina ambayo wengi wangeitarajia benki au kampuni ya simu. Lakini fikiria chuo kinatunza nini cha thamani: alama za mtihani. Nani anaweza kufungua faili ya alama? Nani alibadilisha C ikawa B, saa ngapi, kwa idhini ya nani? Mkaguzi wa 27001 anataka majibu ya maswali hayo yawe kwenye mfumo, si kwenye kumbukumbu ya karani. Vyuo vyenyewe ni vichanga: cha Meru kilipata hati yake 2013, cha Embu 2016.

Kwa nini taasisi nyingi za umma Kenya zilikimbilia ISO kwa pamoja? Mikataba ya utendakazi. Ilianza 2004 na mashirika 16 ya serikali, ikaenea, na kwa miaka kadhaa kupata cheti kukawa kimojawapo cha vipimo vya bosi. Wengine walijenga mifumo ya kweli. Wengine walijenga makabati.

Sasa chai, na hapa tukae kidogo. Meru na Embu zina viwanda vya KTDA, shirika la chai la wakulima wadogo, vinavyojulikana kila kona: Imenti, Githongo, Kionyo, Kinoro, Kiegoi, Michimikuru, na upande wa Embu, Rukuriri na Mungania. Nyuma ya kila kiwanda kuna maelfu ya wakulima wenye vishamba vidogo. Cheti cha Rainforest Alliance, chenye yule chura mdogo, hakimgusi meneja peke yake. Kinagusa kila shamba linalopeleka majani. Je, mkaguzi wa nje huyatembeleaje mashamba yote hayo? Hayatembelei. Kanuni ya kawaida ya vyeti vya vikundi ni kipeuo cha pili. Kikundi cha wakulima 8,100, mkaguzi hutembelea 90. Hatari ikiwa kubwa, anaongeza. Ukiiona hivyo utasema ni mchezo wa bahati nasibu. Sivyo, kwa sababu kabla ya yeye kuja, kikundi chenyewe hutakiwa kuwakagua wanachama wake wote kwa wakaguzi wake wa ndani, na yeye anachopima hasa ni kama ukaguzi huo wa ndani ulifanyika kweli. Anachukua fomu iliyojazwa kuhusu shamba la mkulima fulani, anapanda kilima hadi shambani, analinganisha. Fomu ikisema kuna choo na choo hakipo, shida si ya mkulima huyo tu. Ni ya kikundi kizima.

Ndiyo maana nasema kazi ngumu zaidi katika mfumo mzima hufanywa na yule kijana wa kijijini mwenye fomu, anayemkagua jirani yake na labda shangazi yake, kisha anakutana nao kanisani Jumapili. Hakuna kiwango kilichoandika jinsi ya kulibeba hilo.

Swali la haraka: chura wa nini? Vyura huumia mapema mazingira yakichafuka, kwa hiyo wakiwepo ni dalili njema.

Wajua kwamba utaratibu wa usalama wa chakula unaotumika viwandani leo, HACCP, ulianza kwa ajili ya wanaanga? Kampuni ya Pillsbury, NASA na maabara ya jeshi la Marekani waliubuni kuanzia mwisho wa miaka ya 1950, maana mtu akiharisha angani hana pa kukimbilia. Wazo ni rahisi: usisubiri kupima bidhaa mwishoni, tafuta hatua ambapo hatari inaweza kuingia, uidhibiti hapohapo. Katika kiwanda cha chai, mashine za kukata majani ni za chuma na chuma hulika. Kwa hiyo sumaku huwekwa njiani kunasa vipande. Mkaguzi wa ISO 22000, kiwango cha usalama wa chakula kilichotoka 2005 na kurekebishwa 2018, atataka kuiona sumaku, na pia daftari la mara ngapi ilisafishwa. Daftari la mwezi mzima likiwa limejazwa kwa wino mmoja, mwandiko mmoja, bila kosa hata moja, linamwambia mengi kuliko lilivyokusudiwa.

Na mizani? Mizani ya biashara Kenya ina sheria yake, Sura ya 513, na hutakiwa kuhakikiwa na kupigwa chapa. Mkulima wa Kionyo hahitaji kusoma ISO yoyote kuijua thamani ya hilo. Kilo zikipungua kituoni, bonasi nayo inapungua.

Kiwanda cha Imenti kina mtambo mdogo wa umeme wa maji, na umeme wake huuzwa pia kwa gridi ya taifa. Ukaguzi wa mazingira hapo una kitu cha kusoma kwenye mita.

Upande wa kahawa kuna jipya. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2023 kuhusu ukataji misitu inataka kahawa iingiayo huko ionyeshe shamba ilikotoka, na kwamba ardhi hiyo haikukatwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Shamba lisilozidi hekta 4, na hayo ndiyo mengi ya Embu, linatosha kuonyeshwa kwa nukta moja ya ramani. Utekelezaji umeahirishwa zaidi ya mara moja. Cha kushangaza: kahawa imo, chai haimo. Mkulima mwenye vyote viwili atachorwa ramani kwa upande mmoja tu wa shamba. Na cheti chochote cha hiari, hata kiwe kizuri vipi, hakimwondolei mnunuzi wajibu huo.

Kahawa ina udugu mwingine na ukaguzi. Lloyd's Register, jina kubwa katika biashara ya kukagua, lilianza 1760 katika mkahawa wa kahawa wa London, ambako wenye meli na wenye bima walikutana kuulizana chombo gani kinafaa kusafiri. Bureau Veritas nayo ilianza na meli, Antwerp, 1828. SGS ilianza 1878 kwa kukagua nafaka, Rouen.

Mishiri ina kumbukumbu chungu. Mwaka 2013 Umoja wa Ulaya uliamua kupima asilimia 10 ya shehena za mishiri na minji ya maganda kutoka Kenya, baada ya kukuta mabaki ya dawa. Tangu hapo, swali la kwanza la mkaguzi kwa mkulima wa Timau au Runyenjes ni lile lile: ulipuliza nini, lini, na ulisubiri siku ngapi kabla ya kuchuma? Kiwango cha GLOBALG.A.P. kilianzishwa 1997 na maduka makubwa ya Ulaya kwa jina la EUREPGAP. Kenya ina chake pia, KS 1758. Vyote vinataka stoo ya dawa, choo na maji ya kunawa karibu na shamba, na gharama hiyo ilimshinda mkulima wa robo eka aliyekuwa peke yake. Wengi waliacha. Waliobaki ni wale waliojiunga vikundi. Bei ya pakiti ya mishiri kwenye duka la Ulaya haina mstari unaosema choo kilijengwa na nani.

Kule Mbeere, upande wa Embu, namba ya kukumbuka ni 13.5. Mahindi yenye unyevu unaozidi asilimia hiyo hayafai kuwekwa ghalani, kwa sababu hapo ndipo kuvu wa aflatoksini hustawi. Kikomo cha aflatoksini kwa jumla ni mikrogramu 10 kwa kilo. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 nchini, Makueni na Kitui zikiumia zaidi. Kipima unyevu ni kifaa kidogo. Kila kikundi cha nafaka kingepaswa kuwa nacho kabla ya kufikiria cheti.

Wajua kwamba Seven Forks haina mabwawa saba? Yako matano: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, kwenye mto Tana, mpakani mwa Embu. Kindaruma ndilo la kwanza, 1968. KenGen inayoyaendesha ina vyeti vya ISO 9001 na ISO 14001. Hicho cha pili, cha mazingira, hakiweki kikomo cha uchafu hata kimoja. Kinakutaka ujue unachoharibu, utii sheria ya nchi, na uonyeshe unavyopunguza.

Upo pia ukaguzi wa lazima. Sheria ya usalama kazini ya 2007 inataka kila mahali pa kazi pakaguliwe angalau mara moja kila miezi 12 na mshauri aliyesajiliwa. Kila mahali: gereji, kiwanda cha kusaga, hoteli ya stendi. Wafanyakazi wakifika 20, lazima iwepo kamati ya usalama. Ni wangapi mjini Embu wanaoijua? Wanaijua siku ya faini.

Februari 2024 ISO iliongeza maneno machache katika viwango 31 vya usimamizi kwa mpigo: kila shirika sasa lazima liamue kama mabadiliko ya tabianchi yanalihusu. Chini ya Mlima Kenya, jibu la hapana litahitaji ujasiri.

Na miraa? Uingereza iliifungia mlango tarehe 24 Juni 2014. Ilikuwa ni sheria ya dawa za kulevya, haikuwa ukaguzi ulioshindwa, na hakuna cheti cha ubora ambacho wakulima wa miraa wa Igembe wangeweza kupeperusha kuufungua mlango huo.

La mwisho unaweza kulifanya leo, hata ukiwa katikati ya soko la Gakoromone mjini Meru. Alama ya ubora ya KEBS kwenye pakiti ina namba ya kibali chini yake. Andika SM#, kisha namba hiyo, utume kwa 20023. Utajibiwa kampuni ni ipi, bidhaa ni gani na kama kibali bado kiko hai. Ukiuliza habari za unga ukajibiwa za sabuni, rudisha pakiti kwenye rafu.