Udaktari kutoka Kivu: miaka mitatu kwenye karatasi, kumi kwenye maisha

Siku ya kutetea tasnifu ya udaktari, ukumbi wa chuo kikuu Bukavu, Goma ao Butembo unajaa mapema. Familia inakuja na vitenge vya sare, wanakwaya wanaketi nyuma, majirani wanasimama dirishani. Juri inaingia na majoho, mtahiniwa anaeleza kazi yake, maswali yanaulizwa, juri inatoka, inarudi, na rais wa juri anatangaza daraja. Vigelegele. Kwa watu wengi ukumbini, udaktari ni siku hiyo moja.

Yule aliyesimama mbele anajua hesabu nyingine. Katika mfumo wa LMD unaofuatwa leo na vyuo vya Kongo, udaktari ni miaka mitatu baada ya masta. Katika maisha ya asistanti wa mashariki mwa nchi, kufikia miaka saba, nane ao kumi hakumshangazi mtu. Na sehemu kubwa ya miaka hiyo haipotei kwenye kuandika. Inapotelea katikati ya hatua: kati ya semina ya mwisho na siku mradi wa utafiti unapokubaliwa, kati ya sura iliyotumwa kwa promota na jibu lake, kati ya tasnifu iliyomalizika na tarehe ya juri.

Kinachochezwa hapo ni kazi ya mtu. Bila udaktari, asistanti anaweza kupanda hadi CT, yaani shefu wa kazi, na hapo ngazi inaishia. Cheo cha profesa kinafunguka kwa mwenye tasnifu. Vyuo navyo vinaumia: pasipo maprofesa wa hapo hapo, kozi zinangoja profesa mgeni atoke mji mwingine, na wanafunzi wanamaliza mwaka wakiwa hawajamuona mwalimu wa kozi moja ao mbili.

Mifumo miwili, kizazi kimoja

Lovanium ya Kinshasa ilifunguliwa mwaka 1954 kwa mfano wa Ubelgiji. Mwaka 1971 vyuo vikuu viliunganishwa kuwa kimoja, UNAZA, na mwaka 1981 vikatenganishwa tena: Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani. Wakati wa UNAZA, saikolojia na sayansi za elimu ziliwekwa Kisangani. Ndiyo maana mwalimu wa ISP ya Kivu anayetaka kufanya udaktari juu ya elimu ya juu yenyewe, ginsi vyuo vinavyofundisha na kuwahukumu wanafunzi, mara nyingi anasikia kwanza jina la UNIKIS.

Njia ya zamani kila mtu aliijua: miaka mitatu ya gradua, miwili ya lisansi, kuchukuliwa kama asistanti, kisha DEA ao DES pamoja na semina zake, kisha tasnifu. Sheria ya elimu ya tarehe 11 mwezi wa pili 2014 ilifungua mlango wa LMD, na serikali ikaueneza mfumo huo vyuoni kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022. Sasa lisansi ni miaka mitatu, masta miwili, udaktari mitatu.

Kati ya mifumo hiyo miwili kuna kizazi kilichobaki mlangoni. Mwenye lisansi ya zamani alisoma miaka mitano, mwenye lisansi mpya mitatu, na neno ni lile lile. Anapoandikia chuo cha nje ni lazima aeleze, alete karatasi za pointi za miaka yote, na mara nyingi anaombwa apite kwanza masta. Mtu aliyehesabu kuanza udaktari mwaka huu anajikuta ameongezewa mwaka mmoja ao miwili kabla hata ya kuandikishwa, pengine akiwa na miaka thelathini na sita na watoto watatu shuleni. Ni jambo la kujua kabla ya kuomba bursi, maana bursi nyingi zina kikomo cha umri.

Semina za kuokota

Wanaoanza wanadhani semina ni sehemu rahisi. Wanazichukua ginsi zinavyokuja: profesa fulani ametua, atafundisha wiki mbili, basi tujiandikishe. Mwisho wa mwaka wa pili mtu ana vyeti vingi na bado hajui kuhesabu takwimu ambazo tasnifu yake inazihitaji.

Tuseme kuna asistanti anayetaka kujua kwa nini wanafunzi wengi wanaanguka mwaka wa kwanza katika chuo chake. Kazi hiyo inahitaji daftari za matokeo za miaka mingi, na daftari hizo ziko apariteri ao katika ofisi ya katibu mkuu wa masomo, SGAC. Zingine ni za karatasi, zimeliwa na unyevu. Ili afunguliwe kabati, anahitaji barua ya ruhusa. Ili apate barua, anahitaji mradi wa utafiti uliokubaliwa. Ili mradi ukubaliwe, mbinu ziwe wazi: atachukua promosheni ngapi, atalinganisha nini na nini, atalinda vipi majina ya wanafunzi. Na mbinu hizo zinatoka kwenye semina. Akichukua semina ya takwimu mwaka wa tatu, kila kitu kilichokuja kabla yake kinarudi nyuma. Kwa mtu huyu semina ya mbinu inatangulia zote, hata kama profesa anayesifiwa zaidi anafundisha kitu kingine wiki hiyo.

Katika Ubelgiji wa lugha ya Kifaransa, ambako Wakongomani wengi wanafanyia udaktari, mambo yamepimwa kwa krediti. Pembeni ya tasnifu kuna mafunzo ya udaktari ya krediti 60. Kwa hesabu ya Ulaya krediti moja ni saa 25 hadi 30 za kazi, kwa hiyo 60 zinafanya saa 1,500 hadi 1,800, mwaka mzima wa kazi. Semina zinahesabiwa, makala pia, hata kuzungumza kwenye kongamano, ikiwa tu wasimamizi wamekubali. Mwenye kuandika makala mbili mapema anaziba shimo kubwa. Katika vyuo vingine kama UCLouvain kuna pia jaribio la uhakikisho: mtahiniwa anakaa mbele ya komite, anaonyesha amefika wapi, na komite inasema aendelee ao asiendelee. Ni mlango wa kweli. Anayefika hapo na maneno matupu anarudishwa.

Kiangazi na mitihani

Kuna mgongano ambao ratiba za ofisini haziuoni. Katika Kivu, barabara nyingi za vijijini zinapitika vizuri wakati wa kiangazi, kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane. Huo ndio wakati mzuri wa kwenda uwanjani. Lakini ndio wakati mitihani ya mwisho wa mwaka inapofanyika, na asistanti ndiye anasimamia ukumbi, anasahihisha, anabeba pointi. Akiomba ruhusa, mkuu wa sehemu anakasirika. Akibaki, mvua inamkuta, na uwanja unahamia mwaka unaofuata. Miaka miwili inaweza kupotea hivyo bila mtu yeyote kukosea. Wachache wanaofaulu wanapatana na wenzao mapema: wewe unasahihisha kozi yangu mwaka huu, mimi yako mwaka ujao. Patano hilo haliandikwi popote katika kanuni za shule za udaktari, na lina faida kuliko kurasa nyingi za kanuni hizo.

Wenye bursi za Ubelgiji, za ARES ao VLIR-UOS, mara nyingi wanafanya udaktari wa kupishana: miezi kadhaa Ulaya, miezi kadhaa nyumbani. Kwao tarehe ya viza ndiyo inaendesha kila kitu, na faili la viza linaanzia mbali na Kivu. Faida yake ni kwamba miezi ya Ulaya ina maktaba, umeme na kimya. Kuitumia kwa kuingiza data kwenye kompyuta ni hasara. Data ingeweza kuingizwa Bukavu, hata kama SNEL inakata umeme jioni.

Kwa watu wa Butembo na Beni, Kampala iko karibu kuliko Kinshasa. Basi linapita mpaka wa Kasindi, na tangu Kongo ilipoingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, Makerere na vyuo vingine vya Uganda vinaongelewa zaidi. Mzigo ni Kiingereza. Aliyesoma maisha yote kwa Kifaransa aweke mwaka wa lugha katika hesabu yake, asijidanganye.

Mwaka ambao ratiba zilivunjika

Goma ilipoangukia mikononi mwa M23 mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, na Bukavu katikati ya mwezi wa pili, mipango mingi ilikatika siku moja. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa, wa Kavumu vilevile. Benki zilifunga milango, na pamoja nazo mishahara na feza za utafiti. Profesa mgeni aliyetakiwa kutoka Kinshasa ao Kisangani hakuwa tena na ndege ya kumfikisha. Kuna vijiji vya uwanja wa utafiti ambavyo wakaaji wake walikuwa wamekwisha kukimbia.

Hapo ilionekana nani alikuwa na nakala. Mwenye data kwenye kompyuta moja ya nyumbani na mwenye data aliyoituma pia kwa promota hawakuwa katika hali moja. Kazi inayotegemea nyaraka iliweza kuendelea kidogo kuliko ile inayodai kuhojiana na watu vijijini, kwa sharti kwamba nyaraka ziwe zimepigwa picha kabla. Kuna waliobadilisha swali la utafiti ili lilingane na data walizonazo. Ni uamuzi mgumu, na promota mwenye busara anaukubali mapema kuliko kumwacha mtu angoje amani bila tarehe.

Feza zinabaki. Asistanti wengi wa vyuo vya serikali ni wale wanaoitwa vitengo vipya, wanafanya kazi bila mshahara wa serikali kufika. Wanaishi na kozi za pembeni katika vyuo viwili ao vitatu. Mama asistanti anaongeza juu yake nyumba, mimba na wakwe, na ratiba ya kawaida ya shule ya udaktari haina mstari wa hayo yote.

Hatua za mwisho nazo zinakula miezi kuliko watu wanavyodhani. Tasnifu ikishawekwa, wasomaji wanapewa muda wa kuisoma. Kisha kuna utetezi wa faragha, ambapo juri inauliza maswali makali bila familia kuwepo. Kisha masahihisho, kisha kuchapisha na kufunga nakala, kisha utetezi wa hadharani. Anayetaka kutetea mwezi wa saba aweke tasnifu mezani kabla ya Noeli, na ahesabu kurudi nyuma kuanzia hapo. Promota mwenye wanafunzi kumi wa udaktari hawezi kusoma sura tatu katika wiki moja. Afadhali sura moja kila miezi miwili, yenye tarehe iliyokubaliwa, kuliko tasnifu nzima kwa mshangao.

Na kwa aliyetetea nje ya nchi, vigelegele haviishii hapo. Diploma inahitaji ulinganisho rasmi wa wizara ya elimu ya juu ili ihesabike kwa cheo. Faili hilo linapelekwa Kinshasa.