Sauti Njema Bila Kununua Spika Mpya

Mtu akichoshwa na sauti mbovu ya muziki nyumbani mwake, wazo lake la kwanza ni kununua spika mpya. Mara nyingi fedha hizo hupotea bure, kwa kuwa kosa halimo katika chombo bali katika namna kilivyowekwa.

Sauti ya sterio ilibuniwa na Mwingereza Alan Blumlein, aliyeomba hati ya kulinda uvumbuzi wake mwaka 1931. Shabaha yake ni kwamba spika mbili zimwezeshe msikilizaji kutambua mwimbaji yuko upande gani na mpiga gitaa yuko upande gani. Spika zikibananishwa juu ya kabati moja, faida hiyo hupotea.

Basi, yafaa zitenganishwe kiasi cha mita 2, na kiti cha msikilizaji kiwe umbali uo huo kutoka kila moja. Zisisukumwe katika pembe za chumba, kwani kuta huzidisha sauti nzito hata maneno ya wimbo yakafunikwa. Sakafu tupu ya saruji nayo huleta mwangwi. Zulia na mapazia huupunguza.

Mwisho ni nyaya. Nyekundu na nyeusi zikibadilishana mahali kwenye spika moja tu, hiyo huvuta hewa wakati mwenzake anaisukuma, na sauti nzito hufifia. Chombo kizimwe, kisha nyaya zirudishwe mahali pake. Mwenye busara hukagua haya yote kwanza, ndipo afungue mfuko wake.